Mistari Tunayoiruka: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua nyingi mlizotuletea safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mbona maneno makali ya Biblia hayasikiki kanisani, na yakisikika yanafafanuliwa mpaka yasimguse mtu yeyote? Tumechagua kumi. Nukuu ni za Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi.

Tumsifu Yesu Kristo. Katika jumuiya yetu tunasoma Injili ya Dominika kila wiki. "Heri walio maskini wa roho" tunaisikia kila mwaka, lakini "ole wenu ninyi mlio na mali" ni nadra mno. Nani aliyeamua hivyo? (Katekista, Songea)

Milele amina, Mwalimu. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kalenda. Tangu 1969 masomo ya Dominika katika Kanisa Katoliki yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Heri za Mathayo husomwa kila tarehe 1 Novemba, Sherehe ya Watakatifu Wote, na tena Dominika ya 4 ya Mwaka A. Heri za Luka, zenye zile "ole", zimewekwa Dominika ya 6 ya Mwaka C, basi. Dominika hiyo huangukia Februari, na Pasaka ikiwahi, Kwaresima huimeza. Ndivyo ilivyokuwa 2013 na 2016: Jumatano ya Majivu ilifika mara baada ya Dominika ya 5, na baada ya Pentekoste Kanisa likaendelea na juma la 7. Ilisomwa 2019, 2022 na 2025. Zamu ijayo ni tarehe 13 Februari 2028. Ni kweli kwamba somo hilo husomwa pia kila mwaka Jumatano ya juma la 23, lakini Misa ya Jumatano asubuhi huhudhuriwa na wachache.

Kwa hiyo hakuna aliyekaa kitako akapanga kuwafichia. Lakini ona kinachotokea: Luka ameziweka heri nne na ole nne zikitazamana, maskini na wenye mali, wenye njaa na walioshiba, wanaolia na wanaocheka, wanaochukiwa na wanaosifiwa. Ukiisikia safu moja tu miaka nenda rudi, unaanza kuamini kwamba Yesu hakuwa na ya pili.

Hata hivyo tusiitupie kalenda mzigo wote. Yakobo 5:1-6, maneno mazito kuliko yote juu ya matajiri wanaozuia ujira, ni somo la pili la Dominika ya 26 ya Mwaka B. Husomwa mimbarini, kila mtu hujibu "Tumshukuru Mungu", kisha mahubiri huenda moja kwa moja kwenye Injili. Dawa iko mikononi mwa jumuiya. Wiki mkikutana someni somo la pili pia, na Injili msiisome kwa kipande kilichochapwa tu. Rudini nyuma mistari kumi, mwende mbele mistari kumi. Luka 6 isomeni kuanzia mstari wa 17 hadi wa 49 kwa mkao mmoja, haichukui hata dakika kumi.

Mchungaji wetu anafundisha kwamba "tundu ya sindano" lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, na ngamia alipita akishushwa mizigo na kupiga magoti. Ni kweli? (Msomaji, Kitale)

Hapana. Hakuna mwandishi wa karne ya kwanza anayelitaja lango la jina hilo, wala wachimbaji wa mambo ya kale hawajalipata. Maelezo hayo yalizuka karne nyingi baada ya Injili kuandikwa. Wengine husema kilichotajwa ni kamba ya meli. Kamba ya meli nayo haipiti kwenye sindano.

Lakini huhitaji mchimbaji. Endelea kusoma Marko 10 baada ya mstari wa 25. Wanafunzi "wakashangaa mno", wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka, naye Yesu akajibu kwamba kwa wanadamu haiwezekani. Kama lingekuwa lango ambalo ngamia hupita akipiga magoti, wasingekuwa na cha kushangaa, na jibu la Yesu lisingekuwa na maana. Kanuni hii ikushike: ufafanuzi unaoondoa mshangao wa wasikilizaji wa kwanza una kasoro, hata ukipendeza namna gani.

Shalom. Kila mwezi tunasomewa Malaki 3:10 kabla ya kutoa zaka, na kwamba asiyetoa anamwibia Mungu. Mimi natoa. Ila nimesikia kuna mengine ndani ya Malaki ambayo hayasomwi. Ni yapi? (Kijana, Mwanza)

Malaki ni kitabu cha sura 4 na mistari 55. Kisome chote leo usiku, robo saa inatosha kwa sauti. Utakutana na mambo matatu.

La kwanza, wanaokemewa mwanzoni ni viongozi wa ibada. Sura ya 1 mstari wa 6 unawaita "enyi makuhani, mnaolidharau jina langu", na sura ya 2 inaanza kwa kusema amri hii yawahusu wao. Waumini wanaingia baadaye.

La pili, mistari mitano tu kabla ya zaka, Mungu anasema atakuwa "shahidi mwepesi" juu ya watu fulani, na orodha yenyewe ni hii: wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, wamwoneao mjane na yatima, na wampotoshao mgeni asipate haki yake. Wachawi na wazinzi tunahubiriwa. Mshahara wa kibarua uko kwenye sentensi hiyo hiyo, na hapo sauti hukatika.

La tatu ni ghala. "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula cha nani? Nenda Kumbukumbu la Torati 14:22-29. Zaka ya kila mwaka ililiwa na familia yenyewe mbele za Bwana, kwa furaha, pamoja na Mlawi, mhudumu wa ibada asiye na fungu la urithi. Mwenye safari ndefu aliruhusiwa kuuza mazao, afunge fedha mkononi, anunue chakula akifika. Mwisho wa kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa ndani ya malango ya mji wao wenyewe, ili waje kula watu wanne: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Washibe, asema mstari wa 29, ndipo Bwana abariki kazi ya mikono yako. Baraka iliyoahidiwa pale imefungamanishwa na kushiba kwa hao.

Ghala nalo lilikuwa na hatari zake. Nehemia 13 inasimulia jinsi kuhani Eliashibu alivyompa Tobia, mkubwa mmoja aliyekuwa na uhusiano naye, chumba kile kile walichokuwa wakiweka zaka za nafaka, divai na mafuta. Walawi hawakupata sehemu zao, wakarudi kila mtu shambani kwake. Nehemia alifanya mambo mawili. Alitupa nje vyombo vyote vya Tobia, kisha akaweka watunza hazina wanne, kuhani, mwandishi, Mlawi na msaidizi wao, "kwani hao walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao".

Sasa hesabu. Zaka ya mshahara wa shilingi 400,000 ni 40,000. Ukichukua kanuni ya mwaka wa tatu kama kipimo tu, kanisa linalopokea zaka ya shilingi 3,000,000 kwa mwezi lingetenga kama 1,000,000 kwa wajane, yatima na wageni. Hatusemi hiyo ni sheria kwa kanisa la leo. Wataalamu wenyewe hawakubaliani kama zaka ya mwaka wa tatu ilikuwa ya pekee au ni ile ile iliyobadilishiwa njia. Tunachosema ni kwamba anayeshika Malaki 3:10 kama amri hawezi kuliacha swali la ghala. Liulize kwa adabu, tena kwa maandishi, kwenye mkutano wa mwaka: fedha zilizoingia ni kiasi gani, zilizokwenda kwa wahitaji ni kiasi gani, na nani wanne wanaozitunza? Usiulize wakati wa sadaka wala mbele ya wageni, hapo utaonekana mgomvi na swali litazikwa.

Na wewe endelea kutoa. Yesu alipowashutumu Mafarisayo kwa kulipa zaka za mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili, rehema na imani, alisema hayo makuu imewapasa kuyafanya, "wala yale mengine msiyaache" (Mathayo 23:23).

Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", ndio mstari wa familia yetu. Tumeuandika ukutani. Kuna ubaya? (Mama, Bukavu)

Hakuna, Mama, uacheni ukutani. Ila mjue ulipotoka. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari unaotangulia unasema itachukua miaka 70. Sura ya 28 inamweleza Hanania, nabii aliyewaahidi watu kwamba mambo yote yangerudi ndani ya miaka miwili, nao walipenda kumsikia. Yeremia anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee heri mji wa wale waliowateka. Aliyeupokea ujumbe huo akiwa na miaka 40 alijua atafia Babeli. Kwenu mliokimbia vita na kurudi na kukimbia tena, barua nzima ina nguvu kuliko mstari mmoja. Isomeni kuanzia wa 4 hadi wa 14.

Tuna dada wa kazi, tunamtendea kama mwanetu. Mshahara wake tunamtunzia, tunampa wote Desemba akienda kwao. Jumapili anabaki kupika, sisi tukiwa ibadani. Juzi mgeni alisema hilo si sawa kibiblia. Anazidisha? (Baba wa familia, Dar es Salaam)

Hazidishi, ndugu yetu, na tunakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Biblia iko wazi kabisa kwenye jambo hili kuliko mambo mengi tunayogombania.

Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inahusu kibarua maskini, awe ndugu au mgeni. Apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutumainia. Akikulilia, inakuwa dhambi kwako. Sheria haisemi "isipokuwa umemtunzia". Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa "unapiga kelele", na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hapo ujira wenyewe unashitaki, hata mfanyakazi akiwa amenyamaza.

Kuhusu Jumapili, soma amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14 hadi mwisho. Wengi huishia kwenye "usifanye kazi". Mwisho wake unataja mtumwa wako na mjakazi wako kwa jina, na sababu inatolewa: wapumzike kama wewe. Nyumba ambayo baba, mama na watoto wako kwaya na dada yuko jikoni haijaishika Sabato, imeihamishia kwa mtu mwingine. Sheria za nchi nazo zinakubaliana na hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inadai mapumziko ya saa 24 kila wiki, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inadai siku moja katika kila saba.

Fanya hivi mwezi huu:

Fungua daftari la kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja mshahara uliokubaliwa, upande wa pili uliolipwa. Piga hesabu tangu alipoanza. Kama mlikubaliana 100,000 kwa mwezi na amefika miezi 11 bila kupokea, unamdai sifuri na yeye anakudai 1,100,000. Mtajie namba hiyo kwa mdomo wako. Wengi wa hawa mabinti hawajawahi kuambiwa jumla.

Msajilie laini kwa jina lake mwenyewe, kwa kitambulisho chake, na umtumie humo tarehe moja kila mwezi. Usipitishie kwa mjomba aliyemleta wala kwa mama yake, hata wakiomba. Akitaka kuwatumia, atatuma mwenyewe. Akitaka umtunzie sehemu, aandike kiasi na atie sahihi, na siku akikihitaji akipate bila kueleza kwa nini.

Makato ya glasi iliyovunjika na wali ulioungua yakome. Hapo ndipo mshahara wa karatasi na mshahara wa mkononi huachana, na ndicho Yakobo anachokiita hila.

Chakula cha Jumapili kipikeni Jumamosi usiku, au mle chakula chepesi, au mpike kwa zamu. Mpe pia uhuru wa kusali kwake, sio lazima kanisani kwenu akiwa amebeba mtoto wako.

Kinachoharibu mara nyingi ni neno "mwanetu". Mtoto wa nyumba halipwi mshahara, basi naye asilipwe. Lakini mtoto wa nyumba anasomeshwa, anarithi, na haombi ruhusa kufungua friji. Kama hapati hayo, ni mfanyakazi, alipwe kama mfanyakazi.

Bwana asifiwe. Nina muda mrefu sijashiriki Meza ya Bwana. Naogopa "kula isivyostahili" kwa kuwa sijioni safi. (Mama, Iringa)

Amina, Mama. Onyo hilo ni 1 Wakorintho 11:27, na kwa kawaida tunasomewa kuanzia mstari wa 23. Hata somo la Alhamisi Kuu ni 23 hadi 26. Anza mstari wa 17. Paulo anawakemea Wakorintho kwa sababu wenye uwezo walikula chakula chao mapema, huyu akabaki na njaa na huyu amelewa. "Mnalidharau kanisa la Mungu, na kuwatahayarisha hao wasio na kitu." Baada ya onyo anamaliza kwa agizo moja la vitendo: "mkutanikapo mpate kula, mngojane."

Kwa hiyo kosa lililoitwa "isivyostahili" lilikuwa la walioshiba mbele ya wenye njaa. Sisi tumeligeuza likawa la kumtisha mama mnyenyekevu akae nje, huku mwenye kuwatahayarisha maskini akija mbele bila wasiwasi. Kama una jambo na mtu, Mathayo 5:23-24 inakupa hatua: mwendee mpatane, kisha urudi. Zungumza na mchungaji wako, na Jumapili ijayo ukaribie.

Nimesikia kwamba wakoloni waliwahi kuchapa Biblia iliyokatwa ili watumwa wasijue habari za uhuru. Ni uzushi wa mitandaoni? (Mwanafunzi, Kampala)

Ni kweli, ingawa haikuwa huku kwetu. Ilichapwa London mwaka 1807 kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Ile ilikuwa na sehemu za sura 232 tu, yaani karibu asilimia 90 ya Agano la Kale na nusu ya Agano Jipya haimo. Yusufu kuuzwa utumwani kumo, Musa kuwatoa Waisraeli Misri hakumo. "Enyi watumwa, watiini" ya Waefeso 6:5 imo, Wagalatia 3:28 isemayo hapana mtumwa wala huru haimo. Nakala moja imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fisk, Marekani.

Ukiishika mkononi ungeona aibu kwa niaba yao. Kisha chukua kalamu uorodheshe mistari iliyohubiriwa kanisani kwako mwaka mzima, uipime na hiyo hiyo Biblia nzima. Mkasi hauhitajiki ili kukata.

Je, kiini ni kutoelewa Maandiko? Watu wakifundishwa vizuri, si watabadilika? (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Nairobi)

Tungependa iwe hivyo, Mwalimu, ila ushahidi unasema elimu peke yake haitoshi.

Chukua Afrika Kusini. Mwaka 1829 sinodi ya Kanisa la Kidachi la Matengenezo huko Cape iliamua kwamba Meza ya Bwana itolewe kwa wote bila kutazama rangi. Mwaka 1857 sinodi ikasema tena kwamba kukaa pamoja ndilo jambo la Kimaandiko, lakini kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, waumini weusi waweze kuabudu mahali pao. Hawakukosea kusoma. Walisoma sawasawa, wakaandika walichosoma, kisha wakaruhusu kinyume chake. Mwaka 1881 likazaliwa kanisa la pembeni kwa ajili ya waumini wenye asili mchanganyiko. Kufikia ripoti ya 1974 ya lile Kanisa la Kidachi lenyewe, Matendo 17:26 ilitumika kutetea utengano kwa kushika nusu yake ya pili, "mipaka ya makazi yao". Nusu ya kwanza inasema Mungu alifanya kila taifa la wanadamu katika mmoja. Ni waumini wa lile kanisa lililotengwa walioandika mwaka 1982, katika kitongoji cha Belhar, ungamo la imani lililokataa utengano huo. Waliokuwa nje ya meza ndio walioisoma sawasawa.

Kuna sababu nyingine, ndogo lakini ya kila siku: haraka. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba fupi, baadhi yao juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alikuwepo mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliosaidia ni 16. Kati ya waliokuwa na nafasi ya kutosha walisaidia asilimia 63, kati ya walioambiwa wamechelewa ni asilimia 10 tu. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana.

Hapo utaona kwa nini semina nyingine ya siku tatu haibadilishi sana. Ratiba ya ibada yenyewe iangaliwe. Kama matangazo, mnada wa kuku na utambulisho wa wageni vinachukua saa nzima na somo dakika nne, haraka imekwisha kuamua ni mistari ipi itahubiriwa: ile isiyohitaji maelezo.

Sababu ya tatu ni nani anayelilisha kanisa. Yakobo 2:2-4 inamkataza mtu kumwambia mwenye pete ya dhahabu "keti hapa mahali pazuri" na maskini "keti miguuni pangu". Makanisa yetu yana viti vya kukalia wakubwa, vyenye vitambaa vyeupe. Kwenu Kenya wapo waliojaribu kuvitoa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Kanisa Anglikana alikataza wanasiasa kuhutubia ibadani, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza fedha alizochanga rais katika kanisa Katoliki la Soweto, jijini humo, zirudishwe. Hatua kama hizo hufungua midomo ya wahubiri wengi wa chini kuliko semina.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa. Nikihubiri Amosi, wazee wa kanisa watasema nawalenga. Baadhi yao ni wafanyabiashara wa nafaka. Nifanyeje? (Mwinjilisti, Njombe)

Ogopa kidogo, Mwinjilisti, woga huo utakusaidia kuandaa vizuri. Lakini usifunike kombe.

Usianze na Amosi kama mahubiri ya Jumapili moja. Mahubiri ya pekee juu ya mizani, katika mtaa wenye wanunuzi wa mahindi watatu, yatasikika kama umewataja majina. Tangaza mfululizo wa wiki sita mapema, mwezi mmoja kabla, na upeleke mpango kwenye baraza la wazee uandikwe kwenye kumbukumbu. Amosi ana sura 9 na mistari 146, inagawanyika vizuri. Ukifika sura ya 8 kila mtu atajua kwamba zamu yake ilikuwa imepangwa.

Sura ya kwanza na ya pili zihubiri zote kwa pamoja. Amosi anaanza na Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, wasikilizaji wakiitikia kwa furaha, kisha Yuda, kisha Israeli wenyewe. Fuata mpangilio wake. Ukikimbilia Israeli moja kwa moja umeharibu kazi ya nabii.

Wiki ya Amosi 5 jihubiri wewe na kwaya kabla ya wafanyabiashara. "Niondolee kelele za nyimbo zako" inagusa madhabahuni. Wazee wakiona umeanza nyumbani, watakusikiliza zaidi ukifika sokoni.

Wiki ya sura ya 8 fafanua vipimo, watu wavione. Mstari wa 5 unasema wanapunguza efa na kuongeza shekeli. Efa kilikuwa kipimo cha nafaka cha takriban lita 22, na shekeli ni jiwe la uzito wa takriban gramu 11 la kupimia fedha ya mnunuzi. Muuzaji alipunguza chombo cha kutolea na kuzidisha jiwe la kupokelea, akaiba pande zote mbili. Njombe hakuna asiyeijua lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu na kulipwa bei ya gunia moja. Ni efa ile ile imegeuzwa, kwa kuwa safari hii anayenunua ndiye anayekuza chombo. Eleza hivyo, usitaje mtu, na usitazame upande wowote wa kanisa.

Jumapili hiyo pasiwe na harambee. Ukihubiri mizani kisha ukawaomba wanunuzi bati za kanisa, umewauzia msamaha.

Baadaye keti na wafanyabiashara wenyewe, faraghani, na uwaulize nini kinawazuia kununua kwa kilo. Mara nyingi watakwambia mwenzao akinunua lumbesa na wao wakikataa, wanakosa faida. Hilo ni tatizo la kweli, linatatuliwa na wote kukubaliana siku moja kuleta mizani sokoni. Kanisa linaweza kuwaita mezani.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kusoma kitabu kimoja kizima. Tuanze na kipi? (Vijana, Bujumbura)

Yakobo. Sura 5, mistari 108, dakika 20 kwa sauti ya msomaji asiyekimbia. Kaeni watu 8 hadi 12, zaidi ya hapo wenye haya hunyamaza. Wiki ya kwanza someni barua yote bila kujadili. Wiki tano zinazofuata sura moja moja, na kila mtu ataje mstari mmoja aliotamani usiwepo, aseme kwa nini. Msikubali jibu la "wapo watu wanaofanya hivi". Anayesema aseme "mimi" au "sisi". Alikeni kwenye sura ya 5 angalau mtu mmoja anayelipwa kwa siku, fundi, kuli au mpagazi wa soko, na aseme yeye kwanza.